Magonjwa Yetu, Majina Yao

Ndugu msomaji, chukua orodha ya maradhi ya virusi yaliyoishughulisha dunia katika miaka 100 iliyopita, kisha uyasome majina yake taratibu. Ebola ni mto mdogo ulioko kaskazini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zika ni msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda. Chikungunya ni neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, nalo lilitoka vinywani mwa watu wa nyanda za juu za Makonde, kusini mwa Tanganyika, walipokumbwa na mlipuko wa maumivu makali ya viungo mwaka 1952. O'nyong'nyong ni neno la Kiacholi, lililoingia katika vitabu vya tiba baada ya mlipuko wa mwaka 1959 nchini Uganda. Mito yetu, misitu yetu na lugha zetu zimo katika kila kamusi ya tiba duniani.

Sasa fungua ukurasa wa pili, usome majina ya wanaotajwa kuwa wagunduzi. Kwa Zika utawakuta Dick, Kitchen na Haddow. Kwa Chikungunya utawakuta Robinson na Lumsden. Kwa Ebola, kwa zaidi ya miaka 40, jina lililotangulia katika simulizi nyingi lilikuwa la Peter Piot, Mbelgiji. Maradhi yamepewa majina yetu, na ugunduzi umepewa majina yao.

Sisemi kwamba wanasayansi hao hawakufanya kazi. Walifanya, na baadhi yao walihatarisha maisha. Hoja yangu ni nyingine. Sisi tumeibiwa mara mbili. Mara ya kwanza tuliibiwa na wageni, waliochukua damu yetu wakarudisha makala yenye majina yao. Mara ya pili tunaibiwa na serikali zetu wenyewe, zinazomwacha mtafiti bila maabara, na zinapompatia maabara, humnyima uhuru wa kusema alichokiona ndani yake. Wizi wa kwanza tunaupigia kelele katika kila kongamano. Wizi wa pili tunaunyamazia, kwa kuwa mwizi ndiye anayetulipa mshahara. Ushahidi wangu ni maisha ya mtu mmoja, Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum wa Kongo. Lakini kabla ya kumfikia, hatuna budi kupita kwanza visiwani Ssese.

Mgeni njoo, mwenyeji apone?

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaua watu kwa maelfu kuzunguka Ziwa Viktoria. Mwaka 1906 aliwasili Robert Koch, Mjerumani, bingwa wa bakteria, mtu aliyetambua kimelea cha kifua kikuu na aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Hakuwa mgeni wa kanda hii, kwani alikwisha kufika Dar es Salaam katika miaka ya 1890 kwa utafiti. Safari hii aliweka kambi katika visiwa vya Ssese, Uganda, na kuanza kuwadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake.

Wagonjwa walikuja wenyewe kwa wingi, wengine wakiletwa na ndugu zao, kwa kuwa kifo kilikuwa nyuma yao na daktari mbele yao. Mwanzoni hali zao zilionekana kupata nafuu. Kisha vimelea vikarejea katika damu. Koch akaongeza kipimo cha dawa hadi mara mbili. Matokeo yake, zaidi ya wagonjwa 20 walipofuka macho, na upofu huo haukuwa wa muda. Ni baada ya hapo tu ndipo kipimo kikubwa kiliposimamishwa. Koch aliendelea kuitetea atoksili, na akapendekeza wagonjwa wakusanywe katika kambi maalumu za kuwatenga. Kambi za namna hiyo zilijengwa katika koloni la Kijerumani, yaani katika nchi ambayo leo ni yetu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Visiwani Ssese mgeni alikuja, na mwenyeji akapofuka. Leo taasisi kuu ya afya ya jamii ya Ujerumani, mjini Berlin, inaitwa kwa jina la Koch. Wale waliopoteza macho hawana hata kibao cha mbao.

Simtaji Koch ili nikane kazi yake juu ya kifua kikuu. Namtaja kwa sababu katika kambi ile tunaona waziwazi mgawanyo wa kazi ulioendelea baada yake: Mwafrika analeta mwili, mgeni analeta swali, na jibu linasafiri kwa meli. Meli ilipokwisha, ikaja ndege. Mgawanyo ukabaki uleule.

Yambuku, 1976

Muyembe alizaliwa mwaka 1942 katika Kongo ya Wabelgiji. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kisha akaenda Leuven, Ubelgiji, alikopata shahada ya uzamivu katika elimu ya virusi mwaka 1973. Angeweza kubaki Ulaya, kama walivyobaki wengi. Alirudi nyumbani kufundisha.

Septemba 1976 serikali ya Zaire ilimtuma Yambuku, kijiji chenye hospitali ya misheni, ambako ugonjwa usiojulikana ulikuwa ukiwaua wagonjwa, wauguzi na watawa. Wengi walidhani ni homa ya matumbo au homa ya manjano. Alipofika alikuta watu wameikimbia hospitali. Aliwapima wagonjwa na kuwatoa damu kwa mikono mitupu, bila glavu. Kila alipochomoa sindano aliona jambo geni: damu iliendelea kutiririka kwenye tundu dogo la sindano, ikamchafua vidole na viganja. Alichokuwa nacho cha kujikinga ni maji na sabuni. Kwamba yu hai ni bahati ambayo wenzake wengi hawakuipata, kwa kuwa kati ya wahudumu 17 wa hospitali ile, 11 walifariki.

Muyembe alimshawishi mtawa mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa na homa asafiri naye hadi Kinshasa. Mtawa yule alifariki huko. Damu iliyochukuliwa kwake ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai iliyotiwa barafu. Huko ndiko Piot, kijana wa miaka 27, na wenzake walipoitazama kwa hadubini na kuona kirusi chenye umbo la uzi. Sampuli zikasonga mbele hadi Uingereza na Marekani, ambako ilithibitishwa kwamba hicho ni kirusi kipya. Timu ya kimataifa ikatumwa Yambuku mwezi Oktoba, na ili kijiji kisichafuliwe jina, wakachagua jina la mto.

Tuulizane basi: ni nani aliyeugundua ugonjwa wa Ebola? Yule aliyeugusa kwa mikono yake, akatilia shaka majibu mepesi, akachukua damu na kuhakikisha inatoka porini? Au yule aliyeipokea damu hiyo mezani, penye hadubini? Jibu la haki ni kwamba wote wawili waligundua, kila mmoja sehemu yake. Lakini historia haikuandikwa hivyo. Nimekuwa na desturi ya kuwauliza wanafunzi wangu swali hili mwanzoni mwa muhula. Wanaolijua jina la Piot hawakosekani. Wanaolijua jina la Muyembe huwa wachache mno, na hao ni vijana wa Kiafrika katika chuo cha Kiafrika.

Kuna jina jingine la kukumbukwa. Mtawa yule alihudumiwa Kinshasa katika hospitali ya Ngaliema na muuguzi kijana aitwaye Mayinga N'Seka. Mayinga aliambukizwa, akafariki Oktoba 1976. Kirusi kilichotoka katika damu yake kikawa kielelezo kinachotumiwa na maabara za dunia hadi leo, nacho kinaitwa Mayinga. Tafakari jambo hilo. Katika mlipuko ule wa kwanza, jina la Mwafrika lililotangulia kuenea katika majarida ya sayansi halikuenea kama jina la mtafiti wala la muuguzi. Lilienea kama jina la kirusi kilichomuua mwenye jina.

Na uchunguzi wa Yambuku uligundua jambo ambalo kila mtumishi wa umma anapaswa kulikariri. Kila asubuhi wauguzi wa hospitali ile walipewa mabomba 5 ya sindano kwa ajili ya wagonjwa wote wa nje. Baada ya mgonjwa mmoja bomba lilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, likatumika kwa mwingine. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kirusi kilitoka porini, lakini kilichokigeuza kuwa maangamizi ni upungufu wa vifaa vya bei ndogo kabisa. Hapo hatuwezi kumlaumu Mbelgiji wa Antwerp.

Miaka 19 ya kungoja, na 23 zaidi

Mwaka 1995 ugonjwa wa kuhara damu na homa kali ulizuka Kikwit, kusini magharibi mwa nchi. Madaktari waliwatibu wagonjwa kwa dawa za kuua bakteria, nao wakaendelea kufa. Muyembe aliitwa. Alipoona ramani ya vifo, vingi vikiwa vya wahudumu wa afya, alikumbuka Yambuku. Alishuku Ebola. Lakini hakuwa na pa kuthibitisha. Ilikuwa imepita miaka 19, na damu ya Wakongo ilibidi tena isafirishwe kwenda Antwerp, na kutoka huko kwenda Atlanta, ndipo Kinshasa ijulishwe kinachowaua raia wake.

Usiwalaumu Antwerp na Atlanta kwa hilo. Katika miaka hiyo 19, utawala wa Mobutu ulikuwa na fedha za kujenga kasri huko Gbadolite, pamoja na uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutosha kutua Concorde. Haukuwa na fedha za maabara moja ya kutambua kirusi kilichozaliwa katika nchi hiyohiyo.

Kikwit ndiko Muyembe alikofanya jambo lililowashangaza wengi. Yeye na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona Ebola, kwa hoja kwamba damu hiyo ina kingamwili. Kati ya hao 8, 7 walinusurika, katika mlipuko ulioua takriban watu 4 kati ya kila 5. Wataalamu wa nje walitilia shaka. Walisema wagonjwa ni wachache mno, hakukuwa na kundi la kulinganisha, na huenda walipona kwa sababu nyingine. Kisayansi shaka hiyo ilikuwa halali. Lakini jibu la shaka halali ni jaribio kubwa zaidi, na jaribio kubwa linataka fedha, maabara na miaka. Muyembe hakuwa navyo. Wazo lake likawekwa kabatini.

Likatolewa kabatini na wengine. Zaidi ya miaka 10 baada ya Kikwit, manusura mmoja wa mlipuko ule alitoa damu, na kutokana na damu hiyo watafiti wa Marekani, wakishirikiana na Muyembe na taasisi yake, walipata kingamwili iliyopewa jina la mAb114. Agosti 2018 Ebola ilizuka tena, safari hii mashariki, Kivu Kaskazini na Ituri, katika miji ambako watu husemezana kwa Kinande na Kiswahili. Na hapa ndipo msomaji anapaswa kuona tofauti. Damu ya wagonjwa wa kwanza wa Mangina haikupelekwa Antwerp. Ilipimwa Kinshasa, katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, INRB, ambayo Muyembe alikuwa ameiongoza tangu mwaka 1998. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vilimchukua mtu mmoja miaka 20 kuviunda.

Novemba 2018, katikati ya vita, jaribio la dawa 4 lilianza katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Vituo vya matibabu vilichomwa moto. Daktari wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo Aprili 2019. Jaribio halikusimama. Wagonjwa 673 waliingizwa katika uchambuzi, na Agosti 2019 jibu likawa wazi: kati ya waliopewa mAb114 walifariki asilimia 35 hivi, na waliopewa dawa nyingine ya kingamwili walifariki asilimia 34 hivi, ilhali katika dawa mbili zilizobaki vifo vilifika nusu au zaidi. Makala ya matokeo hayo ilichapishwa katika jarida kubwa la tiba la Marekani, na jina la kwanza katika orodha ya waandishi ni la Mkongo, Sabue Mulangu. Desemba 2020 mAb114 iliidhinishwa rasmi Marekani kuwa dawa.

Wazo lililodharauliwa Kikwit likawa tiba. Mwaka uleule wa 2019 Muyembe alitunukiwa tuzo ya Japani yenye jina la Hideyo Noguchi, mtafiti aliyefariki Accra mwaka 1928 akichunguza homa ya manjano. Na yeye mwenyewe aliweka sharti ambalo miaka michache nyuma lingechekwa: sampuli za mlipuko huo zibaki Kongo, na anayetaka kuzichunguza aje Kinshasa. Baadhi ya wageni walinung'unika. Wacha wanung'unike. Tangu Ssese tulikuwa tukisafiri sisi, tena tukiwa ndani ya chupa.

Hata hivyo tusishangilie kupita kiasi. Haki ya kuitengeneza mAb114 ilipewa kampuni ya Miami, Ridgeback Biotherapeutics. Damu ilitoka Kikwit, jaribio lilifanyika Beni, na mwenye dawa yuko Florida.

Wizi wa pili

Hadi hapa wasomaji wangu wengi wanaharakati wananipigia makofi. Naomba wayahifadhi makofi yao, kwa sababu sasa tunarudi nyumbani.

Tanzania tunayo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979. Tunayo maabara ya taifa ya afya ya jamii. Machi 2023, Marburg ilipozuka Bukoba, ni maabara yetu iliyotambua kirusi. Tunao vijana waliosoma vizuri. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatuna kitu.

Lakini tukumbuke Mei 2020. Rais wa wakati huo alitangaza hadharani kwamba sampuli za mbuzi na papai zilipelekwa kwa siri katika maabara ya taifa, zikapewa majina ya watu, na majibu yakaonesha virusi vya korona. Siku moja baadaye mkurugenzi wa maabara hiyo alisimamishwa kazi. Takwimu za wagonjwa zikakoma kutangazwa, na nchi ikakaa zaidi ya mwaka bila idadi rasmi. Sidai kwamba maabara haikosei. Maabara zote hukosea, na kwa sababu hiyo zipo taratibu za kuzikagua: sampuli hurudiwa, maabara nyingine hupima, jopo la wataalamu hukaa na kutoa ripoti ambayo umma unaisoma. Kosa la maabara husahihishwa na sayansi. Likishughulikiwa jukwaani, kila fundi wa maabara nchini anajifunza somo moja: kwamba jibu la kipimo lina hatari kuliko kirusi chenyewe. Ni mtafiti gani kijana atakayethubutu kuwa Muyembe katika hali hiyo?

Upande wa fedha nako hali si njema. Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Januari 2006, mjini Khartoum, Umoja wa Afrika ukaweka lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo. Ahadi zote mbili zilitiwa saini kwa kalamu nzuri. Nchi yetu haijatimiza hata moja kati ya hizo. Utafiti wetu wa afya unaendeshwa kwa sehemu kubwa na fedha za wafadhili, na anayemlipa mpiga zumari ndiye anayechagua wimbo. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja, miradi ya afya na utafiti katika bara zima ilisimama kabla jua halijatua. Watafiti waliokuwa wameajiriwa kwa mikataba ya mradi walirudi nyumbani. Siku ile tuliona kwa macho yetu kwamba kwa miaka mingi tuliita taasisi zetu za taifa kitu ambacho hakikuwa cha taifa.

Wanaopinga

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeyasikia mara nyingi katika vikao.

La kwanza litasema: zahanati zetu hazina dawa, nawe unataka majokofu ya kuhifadhi virusi? Namjibu kwa mabomba 5 ya Yambuku. Serikali isiyokuwa na maabara ndiyo hiyohiyo iliyokuwa haina mabomba ya sindano. Kadhalika, ni watafiti waliogundua kwamba bomba la sindano ndilo lililokuwa likiua. Anayefuta bajeti ya utafiti hatanunua dawa za zahanati kwa fedha hizo. Atanunua gari.

La pili litasema: fedha zikitolewa zitaliwa. Ni kweli zinaweza kuliwa. Waziri wa afya wa Kongo aliyejiuzulu Julai 2019 katikati ya mlipuko alihukumiwa kifungo Machi 2020 kwa ubadhirifu wa fedha zilizotengwa kupambana na Ebola. Lakini tazama hitimisho la kweli la mfano huo: aliyeshtakiwa alihukumiwa, na maabara ikaendelea kupima. Hatufungi shule kwa sababu mhasibu ameiba ada.

La tatu, linalopendwa na wasomi wenzangu, litasema: sayansi haina utaifa, ya nini kugombania majina? Ukweli wa sayansi hauna uraia, nakubali. Ebola huua kwa namna ileile Yambuku na Antwerp. Lakini jokofu lina mwenyewe, hataza ina mwenyewe, na jina la kwanza katika makala ndilo linalopata ruzuku ya utafiti unaofuata. Anayetuambia kwamba majina hayana maana mara nyingi jina lake limo.

Tufanye nini

Kwa watumishi wa umma: andikeni katika rasimu zenu kifungu kimoja tu. Mkuu wa maabara ya taifa asiondolewe kwa sababu ya jibu la kipimo mpaka jopo huru la wataalamu limekagua na ripoti yake imechapishwa. Kifungu hicho hakigharimu hata shilingi moja. Na sampuli inapopaswa kwenda nje, isiondoke bila mkataba unaotaja mtafiti wa Kitanzania atakayeshiriki katika uchambuzi, mahali sampuli itakapohifadhiwa, na sehemu ya faida itakayorudi. Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkataba wa kukabiliana na majanga ya maradhi, zikaacha kando kwa mazungumzo zaidi kiambatisho kinachohusu nani anatoa vimelea na nani anapata chanjo. Wajumbe wetu waende kwenye mazungumzo hayo wakiwa wameisoma historia ya Kikwit.

Kwa wanaharakati: mmejifunza kuandamana dhidi ya ukoloni wa kitabia na wa kielimu, na ni vyema. Sasa jifunzeni kusoma vitabu vya bajeti. Tafuteni fungu la utafiti wa afya, mlinganishe kilichoidhinishwa na Bunge na kilichotolewa na Hazina, kisha mseme kwa sauti ileile mnayomsemea mzungu.

Kwa wanafunzi: msisome maisha ya Muyembe kama hadithi ya shujaa. Shujaa ni kisingizio cha taifa lililoshindwa kujenga taasisi. Mtu hakupaswa kuchovya mikono mitupu katika damu ya Ebola ili nchi yake ijue kinachowaua watu wake, wala hakupaswa kungoja hadi uzee ndipo wazo alilolipata akiwa na miaka 53 lijaribiwe ipasavyo. Msomeeni kama hesabu ya deni. Kisha mkiandika tasnifu zenu, andikeni jina la muuguzi aliyechukua sampuli, jina la fundi wa maabara aliyekesha, na jina la kijiji kilichokubali kuchomwa sindano. Wizi wa majina haukuanzia Ulaya peke yake. Umo pia katika ofisi ya profesa anayetia jina lake juu ya kazi ya mwanafunzi.

Kirusi kingine kitakuja. Kitatoka katika mto fulani au msitu fulani, huenda ni wa kwetu, na kitapewa jina ambalo bibi zetu wanalifahamu. Jina hilo hatutalichagua sisi. Lakini damu ya mgonjwa wa kwanza itakapochukuliwa, itapelekwa wapi? Itapimwa na nani? Na aliyeipima ataruhusiwa kusema? Majibu ya maswali hayo hayangojei mlipuko. Yanaandikwa kila mwaka Dodoma, kati ya Aprili na Juni, katika kitabu cha bajeti ambacho wengi wetu hatujawahi kukifungua.